Shajara ya Mradi: Gombo la Mita 270 la Kate Sheppard, Kisumu 2024

17 Februari 2024: Kusudi na hesabu ya kwanza

Kikundi chetu cha wasomaji katika maktaba ndogo ya jamii huko Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kimeamua kutengeneza nakala yenye urefu kamili wa ombi ambalo wanawake wa New Zealand waliliwasilisha bungeni mwaka 1893 wakidai haki ya kupiga kura. Shule ya sekondari ya jirani imekubali kutupa ukumbi wake siku za Jumamosi, na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu watakuwa mafundi wenzetu. Shajara hii inaandikwa ili mwalimu au mkutubi yeyote atakayetaka kuiga kazi hii aanzie pale tulipofika.

Ombi hilo liliongozwa na Kate Sheppard, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia mji wa Christchurch mwaka 1869. Tumelichagua kwa sababu ndani yake kazi ya kudai haki inaonekana kwa macho. Vitabu vya shule vinatueleza kwamba New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote kura ya bunge, tarehe 19 Septemba 1893, na mwanafunzi huusoma mstari huo kama kwamba haki hiyo ilidondoka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba ilitafutwa nyumba kwa nyumba. Sahihi zaidi ya 9,000 zilipelekwa bungeni mwaka 1891, takriban 20,000 mwaka 1892, na karibu 32,000 mwaka 1893. Ombi kubwa la mwaka huo wa mwisho lilikuwa na sahihi 25,519 kwenye karatasi 546, ambazo Sheppard aliziunganisha kwa gundi nyumbani kwake na kuzizungushia kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Likikunjuliwa lina urefu wa zaidi ya mita 270. Nakala ya asili ingalipo, na huonyeshwa katika Maktaba ya Taifa mjini Wellington.

Ukigawanya mita 270 kwa karatasi 546, kila karatasi inachukua karibu nusu mita. Hakuna duka la Kisumu linalouza karatasi za kipimo hicho kwa bei tunayoiweza, kwa hiyo tutashika urefu wa jumla na idadi ya sahihi, lakini ukubwa wa karatasi moja moja utafuata kinachopatikana. Karatasi za A3 zina urefu wa sentimita 42. Tukizipandisha moja juu ya nyingine kwa sentimita moja na nusu, tunahitaji karatasi 667. Kila karatasi ikiwa na mistari 39, karatasi 655 zinatosha kubeba mstari mmoja kwa kila sahihi ya mwaka 1893, na 12 zinazosalia zitakuwa za kichwa na maelezo.

9 Machi 2024: Manila haikufaa

Kabla ya kununua A3 tulijaribu karatasi za manila, kwa kuwa ni ngumu na hazichaniki upesi. Tulinunua vipande 60 kwa shilingi 25 kila kimoja, tukavikata katikati kwa urefu na kuviunganisha. Hadi kufikia mita 40 hivi, kasoro mbili zilikuwa zimejitokeza. Kwanza ni uzito. Manila ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya karatasi ya kawaida, na kwa hesabu yetu gombo zima lingekaribia kilo 14, mzigo ambao wasichana wawili hawawezi kuuzungusha bila kuuangusha. Pili, manila ikizungushwa kwenye mpini mwembamba huvunjika kwenye mikunjo ya ndani, na alama za mikunjo hiyo hazitoki tena.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inaleta gombo la kilo sita na nusu hivi. Tulinunua rimu mbili za A3 kwa shilingi 2,600, yaani karatasi 1,000, ili tuwe na akiba ya kutosha ya zitakazoharibika. Mashine ya kurudufu ya shule imechapa mistari na vichwa vitatu vya safu: jina, mahali, na mwaka wa kura ya kwanza. Tulilipa shilingi 1,400 za wino na karatasi mama. Duka la uchapishaji mjini lilikuwa limetutajia shilingi 15 kwa kila karatasi, ambazo zingepita 10,000 kabla hata ya kununua gundi. Anayeiga mradi huu aulizie mashine ya shule kwanza.

Vipande vya manila havikutupwa. Vimekuwa mabango ya majaribio, na baadaye vitafunika meza wakati wa kupaka gundi.

30 Machi 2024: Ukungu na mende

Tulianza na gundi ya unga wa ngano, ambayo kila mtoto wa shule ameipika. Pakiti ya kilo mbili ilitugharimu shilingi 200 na ikatoa gundi nyingi kuliko tulivyohitaji. Siku ya kwanza tulifikia mita 50 na kila mtu alikwenda nyumbani ameridhika.

Jumamosi iliyofuata, gombo lilikuwa limeshikana. Gundi ilikuwa imepakwa nyingi na ilikuwa na maji mengi, na tulikuwa tumezungusha karatasi kabla viungo havijakauka, kwa hiyo kila kiungo kilijigandisha kwenye karatasi iliyokuwa juu yake. Tulipojaribu kutenganisha, karatasi zilichanika vipande vipande. Kwenye viungo vilivyosalia kulikuwa na madoa ya ukungu wa kijani, na pembezoni mende walikuwa wameila gundi pamoja na karatasi. Hewa ya Kisumu ina unyevu kwa sababu ya ziwa, na mwezi wa Machi mvua ndefu ndipo zinapoanza. Gundi ya unga iliyofunikwa katika hewa hiyo haina budi kuota ukungu.

Mita zote 50 zilitupwa. Hasara yenyewe ni karatasi zipatazo 120 na moyo wa wanafunzi, ambao ulihitaji kutiwa nguvu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama Bi Sheppard naye alipoteza karatasi. Tulimjibu kwamba alipoteza zaidi ya karatasi. Mwaka 1891 muswada wa kura za wanawake ulipita katika Baraza la Wawakilishi ukaangushwa katika Baraza la Kutunga Sheria, yaani baraza la juu la bunge, na mwaka uliofuata ukakwama tena. Baada ya kila pigo alianza upya kukusanya sahihi, na kila mara alirudi na nyingi kuliko za awali. Swali lile lilikuwa na maana kuliko somo tulilokuwa tumeliandaa siku hiyo.

18 Mei 2024: Gundi ya muhogo, na gombo lililopinda

Kazi ilisimama kwa majuma kadhaa. Mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili nchini kote hadi tarehe 13 Mei, na ukumbi wa shule ulitumika kuhifadhi vitu vya familia zilizohama maeneo ya chini karibu na ziwa. Muda huo tuliutumia kujaribu gundi katika maktaba.

Gundi iliyotufaa ni ya unga wa muhogo. Unga kijiko kimoja cha kupakulia huchanganywa na maji baridi kidogo hadi uwe laini usio na madonge, kisha humiminiwa maji yanayochemka, vikombe vitano, na kupikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa hadi weupe utoweke na gundi ianze kung'aa. Ikishapoa hutiwa matone machache ya mafuta ya karafuu, ambayo huzuia ukungu na kuwachukiza wadudu. Hupikwa ya siku moja tu. Ya jana humwagwa. Kilo nne za unga wa muhogo kwa shilingi 400 zinatosha mradi mzima, na chupa ndogo ya mafuta ya karafuu tuliinunua kwa shilingi 250.

Namna ya kupaka ni muhimu sawa na gundi yenyewe. Brashi iwe karibu kukauka. Utepe wa gundi usizidi sentimita moja na nusu. Kiungo kikishabandikwa hukandamizwa chini ya ubao kwa dakika kumi, kisha karatasi huanikwa kwenye kamba hadi siku ya pili. Hakuna kinachozungushwa kabla ya kukauka. Kwa utaratibu huu hatujaona ukungu tena, hata katika mvua za Mei.

Tatizo jipya lilikuwa la mstari. Karatasi moja ikibandikwa imepinda kidogo tu, jicho halioni. Lakini upindaji huo ukijirudia kwenye viungo 50, gombo huondoka upande mmoja na kuchongoka likizungushwa, na kingo zake huanza kuchanika. Fundi seremala wa Nyalenda alitutengenezea kiunzi: ubao wa plaiwudi wa urefu wa mita moja na nusu, wenye kipande cha mbao kilichonyooka kilichopigiliwa upande mmoja. Karatasi zote mbili husukumwa hadi ziguse mbao hiyo, na alama ya penseli huonyesha mahali pa kupandishia. Kiunzi kiligharimu shilingi 800. Kama kuna kitu kimoja cha kununua kabla ya karatasi yenyewe, basi ni hiki.

15 Juni 2024: Maneno ya mabango, na swali la mama mmoja

Mita 140 zimekamilika. Wanafunzi sasa wanaunganisha karatasi bila kusimamiwa, na sisi tumegeukia mabango manne yatakayosimama kando ya gombo.

Bango la kwanza na la pili yanahusu maisha ya Sheppard na kura aliyoipigania, na hapa ugumu ulikuwa kuamua kipi kiachwe. Tuliacha mengi ya familia yake tukabakisha namna alivyofanya kazi. Alijiunga na Umoja wa Wanawake wa Kikristo wa Kupinga Ulevi ulipoanzishwa New Zealand mwaka 1885. Umoja huo uliiomba serikali izuie uuzaji wa pombe kwa watoto, na bunge likapuuza, kwa kuwa walioomba hawakuwa na kura ya kumwogopesha mbunge yeyote. Kuanzia mwaka 1887 Sheppard alisimamia kitengo cha umoja huo kilichoshughulikia haki ya kupiga kura. Aliandika makala na vijitabu, akawaandikia barua wanawake wa miji mingine, na akashirikiana na mbunge Sir John Hall, ambaye ndiye aliyelikunjua ombi la mwaka 1893 sakafuni mwa ukumbi wa bunge hadi mpini ukagonga ukuta wa upande wa pili.

Bango la pili linaeleza kura yenyewe, kwa sababu wanafunzi waliipenda sana. Waziri Mkuu Richard Seddon hakutaka sheria hiyo na alijaribu kumgeuza mjumbe mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wawili waliokuwa wakipinga walikasirishwa na uingiliaji huo wakapiga kura ya kuunga mkono, na tarehe 8 Septemba sheria ikapita kwa kura 20 dhidi ya 18. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye, tarehe 28 Novemba, wanawake walipiga kura katika uchaguzi mkuu, na waliojitokeza mwaka huo walikuwa zaidi ya 90,000. Wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, nao walipiga kura, na mwaka huo huo Meri Te Tai Mangakāhia alikwenda mbele ya bunge ambalo Wamaori walikuwa wamejiundia wenyewe kudai kwamba wanawake wa Kimaori wapige kura na pia waketi katika bunge hilo.

Tuliposoma rasimu mbele ya akina mama wa kikundi cha akiba wanaotuchangia fedha, mama mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye wote humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, alitusikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Mwalimu, huyu mama Mzungu nimemsikia, na Mungu ambariki. Lakini wakati huo sisi tulikuwa wapi?"

Swali hilo liliubadilisha mradi. Jibu lake lina uchungu na lazima liandikwe waziwazi. Katika Kenya ya kikoloni wanawake wa Kizungu walipewa kura mwaka 1919. Wanawake Waafrika, pamoja na waume zao, hawakuwa na kura yoyote. Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, mwezi Machi 1957, kura ilikuwa ya masharti ya elimu, kipato, mali au utumishi, na mtu aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na hadi kura tatu. Mwanamke hakukatazwa kwa maandishi, lakini msichana aliyetolewa shuleni mapema na mke asiye na mali kwa jina lake walikuwa wameshafungiwa mlango. Jemimah Gecaga aliingia katika Baraza hilo kwa kuteuliwa mwaka 1958. Priscilla Abwao, mama wa magharibi ya Kenya, aliteuliwa mwaka 1961, na mwaka uliofuata alikuwa mwanamke Mwafrika wa pekee katika ujumbe wa mazungumzo ya katiba ya Lancaster House mjini London.

Kwa hiyo bango la tatu sasa ni la hatua hizo, na la nne ni la Grace Onyango. Mwaka 1965 alikuwa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, na mwaka 1969 wapiga kura wa mji huu walimpeleka bungeni akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge katika Kenya huru. Ndiye pia mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika kama naibu wa muda. Alifariki hapa Kisumu tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na umri wa miaka 98. Ni aibu kwamba wanafunzi wengi tunaofanya kazi nao walilijua jina la Seddon kabla ya lake, na nafurahi kwamba jambo hilo limerekebishwa ndani ya mradi huu huu. Kuna ulinganisho ambao bango linauonyesha kwa miaka tu, bila maelezo: New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893, lakini hawakuruhusiwa kugombea bunge hadi 1919, na wa kwanza kuchaguliwa, Elizabeth McCombs, aliingia mwaka 1933, miaka 40 baada ya kura. Kenya ilipata mbunge wa kwanza mwanamke wa kuchaguliwa miaka sita baada ya uhuru. Ni dhahiri kwamba kupiga kura na kupigiwa kura zilikuwa safari mbili.

20 Julai 2024: Majina, na hofu ya kutia sahihi

Tangu mwanzo tulikusudia kuwaalika wanawake wa Kisumu waandike majina yao kwenye mistari ya gombo pamoja na mwaka waliopiga kura kwa mara ya kwanza. Tulidhani hii ndiyo itakuwa sehemu nyepesi, lakini imekuwa ngumu kuliko gundi.

Sokoni Kibuye akina mama wengi walitukaribisha, wakatusikiliza, kisha wakakataa. Mmoja wao, muuza mitumba, alinieleza kwa upole: "Mwalimu, sahihi yangu nikikupa leo, kesho nitaiona kwenye chama ambacho sikijui." Hakuwa akibuni. Mwaka 2020 zilikusanywa sahihi za mpango wa kubadilisha katiba, kwa kuwa Katiba ya 2010 inataka sahihi za wapiga kura milioni moja kwa marekebisho ya aina hiyo, na mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yameandikishwa katika vyama vya siasa bila ridhaa yao. Maandamano ya Juni mwaka huu yameongeza wasiwasi juu ya karatasi yoyote inayopita mkononi mwa mtu asiyejulikana. Mwanamke anayekataa kutia sahihi asichokielewa anailinda haki ile ile tunayoiadhimisha, na tuliwaambia wanafunzi wasimsihi mtu hata mara moja.

Marekebisho yalikuwa kadhaa. Tulichonga mhuri wa mpira kwa shilingi 1,200 wenye maneno haya: "Hili si ombi wala si la chama. Ni kumbukumbu ya haki ya wanawake kupiga kura." Umegongwa juu ya kila karatasi, hata zile zilizokwisha kuunganishwa. Hatuulizi nambari ya kitambulisho wala ya simu, na mahali pa kuishi ni jina la mtaa tu. Anayetaka huandika jina moja. Hatuendi tena sokoni peke yetu. Huenda mama wa kikundi cha akiba anayefahamika pale, naye huanza kwa kuandika jina lake mwenyewe mbele ya wenzake. Pedi ya wino ya shilingi 350 imewawezesha wasioandika kuweka dole gumba, na pembeni mwanafunzi huandika jina wanalolitaja.

Baada ya mabadiliko hayo mistari ilianza kujaa. Dani aliandika mwaka 1963. Alisema alipanga foleni tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, na kwamba karani alimwuliza mumewe yuko wapi. Alimjibu kwamba mumewe yuko kwenye foleni ya kwake. Vijana wengi wa kike wameandika 2022, uchaguzi ambao kaunti jirani ya Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika 2027 na hatukumzuia.

Hatutajaza mistari 25,519, na tumekubaliana kwamba mistari mitupu isijazwe kwa majina ya kubuni. Mtu atakayetembea kando ya gombo lazima aone wazi kazi iliyofanywa na wanawake wa mwaka 1893, wakiwa hawana simu za mkononi wala magari.

24 Agosti 2024: Mpini uliokunjika

Karatasi zote 667 zimeunganishwa. Tulitaka kutumia mpini wa ufagio kama Sheppard, tukanunua mmoja kwa shilingi 100. Hadi mita 100 ulikwenda vizuri. Zaidi ya hapo ulianza kujipinda katikati kwa uzito, na karatasi za ndani zikakunjwa mno kwa sababu mpini ni mwembamba.

Suluhisho ni kupitisha mpini ndani ya bomba la plastiki la inchi tatu, lenye urefu wa sentimita 40, na kuuzuia kwa vipande vya mbao pande zote mbili. Bomba liligharimu shilingi 450. Mpini umebaki kuwa kishikio, na karatasi huzunguka juu ya bomba bila kuvunjika. Gombo lililokamilika lina kipenyo cha sentimita 20 na kidogo. Kulizungusha kunahitaji watu watatu: wawili wa kushika mpini na mmoja wa kunyoosha karatasi inayoingia. Anayevuta asivute kwa nguvu, maana viungo vya muhogo ni imara vikikandamizwa lakini huachia vikivutwa kwa ghafla.

21 Septemba 2024: Siku ya kulikunjua

Tulichagua Jumamosi iliyo karibu na tarehe 19. Jaribio la juma lililotangulia lilifanyika saa tisa alasiri kwenye uwanja wa shule, na upepo wa ziwani ulilipeperusha gombo kabla halijafika mita 60, likachanika mahali pawili. Viungo vilivyochanika vilibandikwa upya kwa ukanda wa karatasi upande wa nyuma, na hiyo ndiyo njia bora ya kukarabati. Utepe wa plastiki hugeuka njano na kuacha uchafu.

Leo tulianza saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wanafunzi 90 walisimama umbali wa mita tatu tatu kando ya uwanja, kila mmoja akilishika gombo kwa mikono miwili kwenye usawa wa kiuno. Lilipita upande mmoja wa uwanja, likakata kona, likarudi upande wa pili. Lilikaa limekunjuliwa kwa karibu saa moja na nusu bila kuchanika.

Watu walitembea taratibu kuliko tulivyotarajia. Walianza na karatasi za kichwa, wakafika kwenye majina ya Kibuye, Nyalenda, Manyatta na Kondele, na kila mama alilitafuta la kwake na kuwaonyesha wajukuu. Kisha majina yakaisha na mistari mitupu ikaendelea, mita baada ya mita. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mzee mmoja aliuliza kama wanawake wale wa New Zealand walilipwa. Msichana aliuliza kwa nini kanuni ya Katiba kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili haijatimizwa bungeni, na mwalimu wa historia akamweleza kwamba siku kama ya leo, tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje bunge kwa sababu hiyo hiyo, na bunge halikuvunjwa. Mjadala huo ulichukua muda mrefu kuliko hotuba zote tulizoziandaa, na tuliziacha hotuba.

12 Oktoba 2024: Gharama, hifadhi na masharti ya kuazima

Jumla ya matumizi ni shilingi 20,550. Vifaa vya gombo lenyewe, ukijumlisha manila iliyoshindikana, uchapaji, gundi, mhuri, kiunzi na bomba, vilifika 9,250. Mabango manne ya turubai yalikuwa 7,200, kitambaa cha kufunikia 600, na chai na mandazi za wanafunzi 3,500. Anayeanza akijua hili tulilolijua mwishoni ataokoa zaidi ya 1,500, kwa kuwa hatanunua manila wala unga wa ngano.

Gombo linahifadhiwa ndani ya sanduku la bati lenye majani makavu ya mwarobaini, juu ya kabati na mbali na ukuta wa nje. Kila mwezi linafunguliwa mita chache kukagua viungo. Hadi sasa hakuna ukungu, ingawa wino wa mhuri umefifia kwenye karatasi za mwanzo zilizopata jua jingi, na tunatafuta wino wa kudumu zaidi.

Tumepokea maombi ya kuliazima kutoka shule za Kakamega na Nakuru, na litaanza kusafiri Januari, mitihani ya kitaifa ikiwa imekwisha. Shule inayoazima italipia usafiri wa basi kwenda na kurudi, italikunjua asubuhi tu, na itatumia mhuri ule ule. Ndani ya sanduku tumeweka brashi, unga wa muhogo na karatasi 20 za akiba. Majina mapya yataanzia kwenye mstari unaofuata jina la mwisho la Kisumu, ambao tumeuwekea alama ya penseli pembeni.